Kuguma na Kuhumuliza: Malezi ya Watoto wa Karagwe katika Nyakati za Mashaka

Katika lugha ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, yako maneno mawili ambayo twapenda kuyaweka mbele ya waalimu na wachungaji wasomao kurasa hizi, kwa kuwa ndani yake mna habari nzima ya jinsi wazee wetu walivyowalea watoto siku za taabu. La kwanza ni okuguma, yaani kuwa imara, kukaza moyo. La pili ni okuhumuliza, ambalo wengine hulitamka kwa r, nalo maana yake ni kumtuliza mtu, kumfariji, kumpumzisha aliyechoshwa na huzuni.

Asili ya maneno haya si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Katika okuguma twaliona neno gumu lile lile linenwalo pwani. Na okuhumuliza latoka katika okuhumura, kupumzika. Nasi twajua ya kuwa mahali pengi ambapo Kiswahili kina p, lugha zetu za ng'ambo hii ya Ziwa zina h. Kupa kwetu ni okuha. Basi okuhumura ni ndugu wa kupumua na kupumzika, na anayemhumuliza mtoto, kwa maana ya asili, ni yule ampatiaye nafasi ya kuvuta pumzi. Anayetaka kuichungua lugha hii zaidi ana msaada mzuri katika msamiati wa Runyambo wa Profesa Rugemalira uliotoka mwaka 2002, na sarufi yake ya mwaka 2005.

Penye msiba, neno lisemwalo kwa wafiwa ni guma, au kwa wengi, mugume. Kila aingiaye uani hulisema, akakaa kimya, akalisema tena wakati wa kuaga. Ni neno jema. Lakini dai letu ni hili, na twalitoa wazi tangu mwanzo ili wasomaji walipime: ya kuwa katika historia ya nchi hii watoto waliambiwa sana guma, na mara chache mno wakahumulizwa, na ya kuwa miaka ile watu walipoyaunganisha maneno haya mawili, watoto walisimama vizuri kuliko walivyosimama kwa neno moja peke yake.

Mabira, ambayo tunaisema hasa, ni kata iliyo katika wilaya ya Kyerwa. Hata mwaka 2012 ilihesabiwa katika wilaya ya Karagwe, ndipo Kyerwa ikakatwa na kuwa wilaya yake yenyewe. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharagwe. Wilaya yote imepakana na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, na mto Kagera ndio mpaka. Watu wakaao mpakani hawahitaji kufundishwa habari za mashaka. Kila kizazi kimeona watu wakivuka mto kwa kukimbia.

Hapo kale Karagwe ilikuwa ufalme wa Wahinda, na makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange. Mwaka 1861, mwezi wa Novemba, Waingereza Speke na Grant walifika huko wakapokewa kwa ukarimu mwingi na Mukama Rumanyika. Grant aliugua mguu, akabaki chini ya ulinzi wa mfalme miezi kadhaa, huku mwenzake akitangulia kwenda Buganda mwanzo wa mwaka 1862. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1863, Speke ameeleza habari aliyoambiwa juu ya Rumanyika mwenyewe. Mfalme Ndagara alipokufa, wanawe waligombea kiti. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa umbo lake, lakini kwa nguvu za uganga ikawa nzito hata hakuna aliyeweza kuiinua, ila Rumanyika aliyeichukua kwa urahisi.

Wengi wameicheka hadithi hii kuwa ya kishirikina. Sisi twaiona ina neno juu ya malezi. Kijana hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kwa sababu amezaliwa na fulani, bali kwa sababu amewekewa mzigo mbele ya watu naye akauinua. Na jambo hili halikuwa la wana wa mfalme tu. Katika nyumba ya Mnyambo wa kawaida mtoto wa miaka minne au mitano alipewa kibuyu kidogo cha kutekea maji, si kwa kuwa nyumba ilikosa maji, bali ili arudi nacho hali kimejaa, nao wakubwa wamwone. Baadaye mvulana aliachiwa ndama, kisha ng'ombe. Msichana alipewa kipande cha shamba la maharagwe au karanga chini ya jicho la nyanya yake, na mavuno ya kipande kile yalitajwa kwa jina lake. Mizigo hiyo ilipimwa. Aliyempa mtoto kazi isiyolingana na nguvu zake alionwa kuwa mjinga, kama mtu atiaye jembe katika mwamba.

Kwa jirani zetu Wahaya ilikuwako desturi ya omuteko. Wavulana wa umri mmoja walikusanywa kutoka vijijini, wakapelekwa katika jumba la Mukama kufundishwa utumishi, maneno ya adabu, mashindano na vita. Waliotoka pamoja katika mafundisho yale walikuwa wenzi maisha yao yote, na mmoja alipopatwa na shida alijua mlango wa kubisha. Twauweka omuteko katika kumbukumbu kwa sababu tutauona tena, kwa sura nyingine, karne moja baadaye.

Na jioni palikuwa na hadithi. Bwana Peter Seitel, Mmarekani aliyekusanya hadithi za Wahaya na kuzitoa katika kitabu mwaka 1980, ameonyesha vizuri jinsi msimulizi anavyoanza kwa kusema ya kuwa alikuja akaona, nao wasikilizaji humjibu kwa kumtaka aone, ili nao wapate kuona. Mtoto aliyeitikia hivyo kila usiku alizoea kuyatazama mambo ya kutisha, kama zimwi, mama wa kambo mkali, njaa na njia ipoteayo msituni, akiwa ameketi karibu na moto kati ya watu wampendao. Mwalimu hawezi kubuni njia bora kuliko hii. Jambo la kusikitisha ni kwamba shule zetu za kwanza zilizihesabu hadithi hizi kuwa mambo ya upuzi, zikaweka mahali pake kukariri.

Lakini tusiisifu mno dunia ya kale. Kiti cha Karagwe kilipogombewa, wana wa mfalme waliuana, na watoto wa nyumba kubwa walikua wakiwaogopa ndugu zao wenyewe. Rumanyika alikufa karibu na mwaka 1878, na baada yake nchi haikutulia. Kisha kukaja sotoka, karibu na mwaka 1891, iliyofyeka ng'ombe wa nchi zote za Maziwa, na ndui, na vichaka vikarudi mahali palipokuwa malisho. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma Bukoba mwaka 1890. Profesa Israel Katoke, mwanahistoria, ameyaeleza haya katika kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe kilichotoka mwaka 1975, naye asomaye ataona jinsi nchi iliyokuwa na nguvu ilivyodhoofika katika muda wa kizazi kimoja.

Alama ya miaka kama ile twaiona katika majina. Katika lugha yetu na ya jirani zetu wa Nkore, jina la mtoto mara nyingi ni sentensi nzima. Tugume, maana yake na tuwe imara. Gumisiriza, vumilia. Tumwesigye, tumtumaini Yeye. Tibaijuka, hawakumbuki. Mwenye kuitwa jina kama hilo hubeba neno lililosemwa na mzazi wake siku ya mashaka, na mara nyingi hajui lilisemwa kwa ajili gani. Tungependa kila mwalimu awaulize watoto wa darasa lake wamwendee bibi au babu na kuuliza habari ya majina yao. Mtoto akijua ya kuwa alizaliwa katika njaa, au baada ya ndugu wawili kufa, na ya kuwa wazazi walimwita Tugume nao hawakukata tamaa, amepata hazina ambayo hakuna mtihani uwezao kuipima.

Habari ya misioni yenyewe ina fundisho lake. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910, wakawakuta huko Wakristo waliokwisha kusoma kwa msaada wa Waganda. Mwaka 1916 Waingereza waliishika nchi, nao Wajerumani wakaondoka. Watoto waliokuwa wakisoma waliwaona wakubwa wao wakienda zao, na hakuna aliyejua kama watarudi. Mwaka 1939 vita vingine vikaanza, na jambo lile lile likatokea mara ya pili. Mara zote mbili waalimu wenyeji ndio waliopiga kengele asubuhi. Bengt Sundkler, aliyefanya kazi huko wakati wa vita vya pili na baadaye akaandika historia ya kanisa la Bukoba, aliithamini sana kazi ya watu hao. Sisi tunasema neno moja tu: kwa mtoto ambaye mambo yote yamegeuka, kengele ile ilipigwa saa ile ile, na hiyo peke yake ni faraja kubwa. Maneno mengi ya kutia moyo hayafiki mahali ambapo ratiba isiyobadilika hufika.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wa upande ule walikimbilia kusini na watoto mgongoni. Vita vile vilikwisha mwaka 1979, nasi hatutakaa hapo, maana kimeandikwa kingi.

Jambo tutakalokaa nalo ni lile lililokuja bila mlio wa bunduki. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana hapa hapa Kagera. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha ya kuwa katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Karagwe hali haikufika kiasi hicho, lakini makaburi katika migomba yaliongezeka kwetu pia. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Basi kwa miaka ishirini na zaidi watoto wa mkoa huu walizika baba, kisha mama, kisha shangazi aliyewachukua.

Hapo ndipo desturi ya guma ilipoonyesha upungufu wake. Kwa desturi, mtoto haambiwi habari za kifo. Mama akiugua, watoto huambiwa kwamba atapona. Akifa, mdogo huambiwa kwamba amesafiri. Wakubwa husema kwa sauti ya chini, na mtoto akikaribia hunyamaza. Nia yao ni njema, wamkinge asiumie. Lakini mtoto huona macho ya watu, huona mkeka na jembe na udongo mpya, na kwa kuwa hakuna amwambiaye kweli, hujitungia mwenyewe. Na walio wengi hujitungia ya kuwa wao ndio wenye kosa. Kisha msafiri harudi, na mtoto hujifunza ya kwamba neno la mtu mzima si la kutegemewa. Sisi waalimu tumewaona darasani: mtoto aliyekuwa wa kwanza katika hesabu anatazama dirishani, na asipojibu hupigwa kwa uvivu. Wako hata wahubiri ambao juu ya kaburi humwambia mtoto wa miaka saba ya kuwa hiyo ni kazi ya Mungu, wakaendelea na wimbo. Mtoto yule atamwogopa Mungu kwa namna isiyofaa.

Tena madhara yake hayakuwa ya moyo tu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 nyumba zaidi ya 900 za mkoa wa Kagera zilichunguzwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, kisha watu wale wale wakatafutwa tena mwaka 2004. Wataalamu Beegle, De Weerdt na Dercon walipolinganisha, waliona ya kuwa mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kukua alipungukiwa na kimo kwa sentimeta kama 2, na elimu yake ilipungua kwa mwaka mmoja hivi, naye hakuyafidia hata alipokuwa mtu mzima. Yaani huzuni na uhitaji viliandikwa mifupani. Wale wasemao kwamba watoto husahau upesi na waipime habari hiyo.

Kazi iliyotufumbua macho ilifanyika Nshamba, katika wilaya ya Muleba, si mbali nasi. Huko mwaka 1997 kulianzishwa kazi ya kuwasaidia yatima, na mwanzilishi wake alikuwa Kurt Madörin kutoka Uswisi. Jina lake ni neno letu: Humuliza. Waliwafundisha waalimu na walezi kumsikiliza mtoto, kumwambia kweli kwa maneno ayawezayo, kumwacha alie bila kumwambia anyamaze. Wazee wengine walinung'unika, wakisema watoto watalegezwa. Nasi twakiri ya kuwa hofu hiyo ina sababu, kwa maana faraja isiyo na kazi humfanya mtoto kuwa mwombaji wa huruma.

Lakini kazi ya Nshamba haikukoma katika faraja. Mwaka 2000 vijana yatima wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, na kwa wadogo pakawa na Rafiki Mdogo. Walichagua viongozi wao, wakaweka akiba katika benki yao wenyewe, wakafanya miradi midogo ya mapato, wakawatembelea wenzao na wazee wasiojiweza. Mtoto aliyezoea kuitwa maskini wa fulani sasa aliitwa katibu, au mweka hazina. Alisimama mbele ya wenzake akatoa hesabu. Je, si ile ngoma ya Ndagara? Je, si ule omuteko, watu wa rika moja wanaojuana mlango? Tofauti ni kwamba humo waliingia wasichana pia. Uchunguzi wa kazi hiyo ulifanywa na Glynis Clacherty na David Donald mwaka 2005, nao waliona kwamba nguvu kubwa ya watoto ilitoka katika kuwa pamoja na kusaidiana. Nasi twatazama hata majina yenyewe. Kazi ya kwanza iliitwa humuliza, ya pili ikaitwa simama imara, nalo kwa kinyambo ni guma. Utaratibu huo ndio tuutakao: mtoto apumue kwanza, kisha asimame.

Mwaka 2003, papo hapo Nshamba, ilianzishwa kazi nyingine iitwayo Kwa Wazee, ya kuwapa fedha kidogo kila mwezi bibi na babu waliobaki na wajukuu. Ripoti yake ya mwaka 2008 ilitajwa kwa jina la chumvi, sabuni na viatu vya shule, maana hivyo ndivyo bibi walivyonunua. Baadhi ya wachungaji walidhani kwamba hii ni kazi ya sadaka tu, haihusu ujasiri wa watoto. Sivyo. Mtoto mwenye shati lililofuliwa huinua mkono darasani. Mwenye shati linalonuka huketi nyuma na kujificha, hata kama anajua jibu. Kazi hiyo ilifundisha hata wasichana kujilinda mwili wao kwa kupiga kelele na kupigana, jambo ambalo wazee wetu wangalishangaa kulisikia, lakini katika nyumba isiyo na mtu mzima mwenye nguvu si jambo la kuchekwa.

Turudi Karagwe. Tarehe 28 Aprili 1994 na kesho yake, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kutoka Rwanda, na wengine wakaja kwetu, wakakaa katika makambi kama Chabalisa, Omukariro, Kagenyi na Rubwera. Desemba 1996 walirudishwa kwao. Rubwera leo ni makao makuu ya wilaya ya Kyerwa, na mtoto asomaye hapo hana alama ya kumwonyesha ya kuwa mahali pale walilala maelfu ya watoto wasiojua wazazi wao wako wapi. Kwa wenyeji pia miaka ile ilikuwa ya hofu: miti ilikatwa, bei zilipanda, usiku haukuwa salama. Hata hivyo watoto wa pande zote mbili walicheza mpira wa majani ya migomba pamoja, kwa kuwa lugha zao zilikaribiana kiasi cha kuelewana kabla wakubwa hawajamaliza kuogopana.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika kwa nguvu ya 5.9, nyumba nyingi za mkoa zikaanguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa kuharibika. Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa ajili ya korona, hata Juni. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba, ukatangazwa kuisha tarehe 2 Juni. Katika mambo haya ya karibu twaona badiliko ambalo latutia moyo. Baada ya tetemeko, waalimu wengi hawakuwaambia watoto kwamba halitatokea tena, maana nani awezaye kuahidi hivyo? Waliwatoa nje chini ya miti, wakawaeleza jinsi ardhi inavyotikisika, wakawafundisha pa kukimbilia, kisha wakaendelea na somo. Mtoto aliyejua la kufanya alirudi chini ya paa mapema kuliko yule aliyeambiwa tu asiogope.

Habari ya mwisho ni ya lugha. Waandishi wa Kiswahili wa siku hizi hutumia ustahimilivu kwa jambo hili tunalolisema, nalo ni neno zuri lenye asili ya Kiarabu. Lakini ustahimilivu ni wa mtu mmoja anayebeba, ambapo guma husemwa na mwingine kwa aliyefiwa, na humuliza haiwezekani kabisa bila watu wawili. Waalimu wa Ngara wasemao Kihangaza, na wa Biharamulo wasemao Kisubi, watatusaidia sana wakituandikia maneno yanayosemwa kwao kwa wafiwa, na hasa neno lile ambalo mtoto huambiwa siku ya mazishi, kama liko.